Mzee Anapotimiza Miaka 70, 80 au 90: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia za Nairobi

Familia nyingi za Nairobi huweza kukusanya mamia ya watu na pesa za kutosha ndani ya siku chache mzee anapofariki, na siku ya mazishi husomwa wasifu mzuri ambao mwenyewe hausikii. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa imani kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo inastahili kusemwa mzee akiwa ameketi mbele yetu, anasikia, na anaweza kutusahihisha pale tunapokosea. Yanawalenga watoto, wakwe na wajukuu wanaopanga sherehe jijini na katika vitongoji vyake.

Je, mzee aambiwe mapema, au tumfanyie kwa kumshtukiza?

Aambiwe. Kijana akishtukizwa hufurahi, lakini mzee mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu hapaswi kufunguliwa mlango na watu hamsini wanaopiga vigelegele bila yeye kutarajia. Zaidi ya afya kuna heshima. Mama wa miaka 80 angependa kushonesha nguo, kusukwa nywele, na kuhakikisha kwamba rafiki yake wa kwaya au wa chama amealikwa kwa mdomo wake mwenyewe. Akinyimwa nafasi hiyo, sherehe inakuwa ya watoto wake wala si yake. Kifungu cha 57 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa hadhi na heshima, na pa kuanzia kuitimiza haki hiyo ni nyumbani.

Aulizwe akiwa peke yake, na mtoto au mjukuu anayezungumza naye kwa uhuru, kwa sababu mbele ya watoto wote wazee wengi hujibu "fanyeni mnavyoona" hata wanapokuwa na maoni thabiti. Angependa kuwaona akina nani? Ni nani asingependa akae karibu naye? Maombi yaongozwe na nani? Angependa kula nini? Majibu hayo manne yakipatikana, nusu ya mipango imekamilika.

Hatujui tarehe kamili aliyozaliwa. Tutaadhimisha siku gani?

Hali hii ni ya kawaida kabisa. Waafrika wengi waliozaliwa nchini kabla ya Uhuru hawakuandikishwa, na kitambulisho cha mzee mara nyingi hubeba mwaka tu, tena uliokadiriwa na karani siku ya usajili. Anayetaka kukaribia ukweli aanze na matukio ambayo mzee anayakumbuka au aliyosimuliwa na wazazi wake. Katika familia za Wakikuyu, njaa ya mihogo ya mwaka 1943 ni alama inayosaidia sana: mama aliyekuwa akiambiwa kwamba wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni huenda alizaliwa mwaka 1941 au 1942. Kutangazwa kwa hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, mafuriko makubwa ya mwaka 1961 na siku ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, ni alama nyingine ambazo karibu kila mzee huweza kusema alikuwa wapi na alikuwa na ukubwa gani. Kwa jamii zenye marika, jina la rika lake la tohara hupunguza mjadala kwa haraka. Kadi ya ubatizo nayo itafutwe, ila isomwe kwa makini, kwa kuwa wengi walibatizwa wakiwa watu wazima. Hatimaye wapangwe ndugu kwa mfuatano wao, maana mzee anaweza kusahau mwaka lakini hasahau ni nani alimwachia ziwa.

Zoezi hili lisifanywe kwa haraka ya kujaza kadi ya mwaliko. Jioni moja ya kuulizana maswali hayo, mjukuu akiandika na shangazi akisahihisha, huleta simulizi ambazo familia haikuwa nazo. Baada ya hapo chagueni siku inayowafaa watu, kwa mfano likizo ya shule, au siku ambayo mzee anaienzi kama vile ya ubatizo au ya ndoa yake. Hakuna aibu kuandika "miaka ipatayo 90".

Mzee anakataa, anasema ni gharama ya bure. Tumlazimishe?

La. Tafuteni kwanza sababu, kwa kuwa neno "gharama" mara nyingi huficha neno lingine. Wapo wanaoona uchungu kuketi kwenye meza kuu bila mwenzi wao aliyetangulia. Wapo wanaohofia kwamba pesa hizo zitakatwa kwenye karo ya mjukuu. Wapo wanaozuiwa na imani: Mashahidi wa Yehova hawasherehekei siku za kuzaliwa, na miongoni mwa Waislamu wengi huona afadhali kusoma dua na kuwalisha jirani kuliko kukata keki. Familia inaweza kupendekeza ibada ya shukrani, dua, au chakula cha mchana tu kisicho na mapambo. Akiendelea kukataa, aachwe kwa heshima, na watoto wapange kumtembelea mmoja mmoja katika juma hilo. Wazee wengine hufurahia hilo kuliko umati.

Tufanyie Nairobi au nyumbani mashambani?

Sherehe imfuate mzee. Anayeishi kijijini ana wenzake wa rika, kanisa au msikiti wake, na jirani waliomlea na kulelewa naye, na hao hawawezi kupakiwa wote kwenye matatu. Watoto wanaoishi Nairobi wavumilie safari. Ikiwa mzee anaishi na bintiye Donholm au Buruburu, basi wa mashambani wachangiwe nauli na wafike siku moja kabla, walale, wapumzike.

Mgeni mzee kutoka Mombasa, Lamu au Kisumu aandaliwe kwa baridi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai na wa Agosti baridi yake huingia mifupani. Mablanketi, soksi na chai ya tangawizi viwe tayari kabla hajafika. Treni ya Mombasa, iliyoanza kazi mwaka 2017, humfaa mzee kuliko basi la usiku kwa sababu anaweza kusimama na kwenda chooni, lakini stesheni iko Syokimau, nje ya katikati ya jiji, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumpokea na gari la kumbeba.

Ni mahali pa aina gani panapofaa?

Uwanja wa nyumba ya mmoja wa watoto ukiwa na kivuli, hema na viti vya kukodi unatosha familia nyingi, na ukumbi wa kanisa au wa mtaa hufuata. Bustani za hoteli ni nzuri, ila mkague mambo ambayo picha za matangazo hazionyeshi. Kuna ngazi ngapi kutoka maegesho hadi mezani? Choo kiko umbali gani, ni cha kukaa, na mlango wake unapitisha kiti cha magurudumu? Nyasi ziko sawa au zina mashimo yanayoweza kunasa mkongojo? Ikiwa ni ghorofani, umeme ukipotea lifti inaendeshwa na jenereta? Njia bora ya kukagua ni kwenda na mtu mwingine mzima anayetembea kwa shida na kumwomba atembee kutoka langoni hadi kwenye kiti.

Kwa mzee asiyependa hotuba wala umati kuna njia nyingine ambayo naithamini sana: kumzungusha kwa gari, pamoja na wajukuu wawili au watatu, katika sehemu za maisha yake. Mitaa ya zamani ya Eastlands kama Kaloleni na Makongeni inabadilika, na mzee aliyeanzia maisha huko anaweza kuonyesha mahali nyumba yake ilipokuwa na duka alilokopea unga. Aliyefanya kazi katika reli apelekwe Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako ataona mabehewa na injini ambazo huenda alizihudumia kwa mikono yake. Kisha chakula cha mchana cha watu kumi, na siku imekamilika.

Siku gani na saa ngapi?

Jumamosi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, isipokuwa familia ni ya Waadventista. Epukeni nusu ya pili ya Desemba, ambapo watu wameondoka jijini na nauli zimepanda, na mkichagua kati ya Machi na Mei, hema lisilovuja si anasa. Jioni haifai: mzee amechoka, barabara zimefungana, na kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele huhesabu usiku kuanzia saa mbili.

Michango isimamiwe vipi ili isilete ugomvi?

Bajeti itangulie mchango. Kamati ndogo ya watu watatu au wanne ikubaliane idadi ya wageni, ipige hesabu ya chakula, hema, viti, vipaza sauti, usafiri na picha, ndipo itangaze kiasi kinachohitajika. Familia inayoanza kuchanga kabla ya kuhesabu huishia na sherehe kubwa kuliko uwezo wake. Pesa zipokewe kwa namba moja ya M-Pesa inayoshikwa na mweka hazina, na mtu wa pili apewe taarifa ya miamala kila juma.

Sikubaliani na desturi ya kubandika orodha ya majina na kiasi cha kila mmoja katika kikundi cha WhatsApp. Ndugu aliyefutwa kazi, au dada anayelea watoto peke yake, huiona orodha hiyo kila siku na kuanza kujitenga, na siku ya sherehe hafiki kwa aibu. Atangaziwe kila mtu jumla iliyopatikana na jumla iliyobaki. Asiye na pesa alete mbuzi, gunia la viazi, au siku mbili za kazi jikoni, na mchango huo uhesabiwe kuwa sawa na mwingine. Vilevile, kikapu kisitembezwe mbele ya wageni siku yenyewe, kwa kuwa mzee asije akaona kwamba watu wameitwa kulipia chakula chake. Pesa zikibaki, zilipie dawa zake au mchango wake wa mwaka wa SHA, bima ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Chakula kiwe kipi, hasa kama ana sukari au shinikizo la damu?

Wageni wanaweza kula pilau, chapati na nyama choma kama kawaida. Mzee apikiwe kile anachokila kila siku kwa namna iliyopendeza zaidi. Mukimo, matoke, kuku wa kienyeji aliyechemshwa hadi akalainika, na mboga za kienyeji zisizozidishwa chumvi huwafaa wenye meno machache. Samaki achambuliwe miiba kabla ya kufika mezani. Mhudumu mmoja, ambaye afadhali awe mjukuu anayemjua, apewe kazi moja tu ya kumtazama mzee: maji, dawa za saa saba, kivuli, na safari za chooni.

Mzee apakuliwe kwanza, tena kabla ya hotuba. Nimeona sherehe ambapo mama wa miaka 88 alikaa meza kuu mpaka saa tisa alasiri akisikiliza sifa zake kwa njaa, huku bintiye, ambaye ni muuguzi, akimpenyezea ndizi mbivu chini ya leso.

Kuhusu keki, iwe ndogo na isiyo tamu sana, yenye mishumaa ya tarakimu badala ya mishumaa 80. Familia nyingi za Wakikuyu zinapendelea ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, ambayo hukatwa mbele ya watu kama keki, na kwa babu asiyependa vitu vitamu hilo ni chaguo lenye heshima kubwa.

Nani ahutubu, na aseme nini?

Wasemaji wasizidi saba, kila mmoja dakika nne: mtoto mmoja kwa niaba ya wote, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, ndugu wa mzee, rafiki wa zamani, jirani, na kiongozi wa dini. Mwanasiasa akifika, asalimiwe na mshereheshaji na apewe chakula, lakini asipewe kipaza sauti.

Kila msemaji aombwe kusimulia jambo moja alilolishuhudia. Sentensi kama "alitufundisha bidii na upendo" zinaweza kusemwa juu ya mzee yeyote, na mwenyewe husikiliza akitikisa kichwa kwa adabu tu. Mwana anaposema kwamba baba alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani Industrial Area kwa miguu ili nauli inunue mkate, na kwamba mkate huo aliufikisha ukiwa umefichwa chini ya koti mvua isiuloweshe, mzee huyo huinua uso, kwa sababu amegundua kwamba kuna mtoto aliyeona. Kwa hilo moja tu sherehe inastahili gharama zake zote. Wenye mambo ya kushukuru washukuru kwa kuyataja, na wenye la kuomba msamaha wamwendee faraghani kabla ya siku hiyo, wasimwekee mzigo wa kujibu mbele ya watu.

Wasifu uandikwe mapema na asomewe nyumbani. Atasahihisha jina la shule, ataongeza mtoto aliyefariki akiwa mchanga ambaye wengine hawakumjua, na huenda ataomba jambo fulani liondolewe. Akiomba hivyo, liondolewe bila maswali. Naye mwenyewe apewe nafasi ya kusema mara tu baada ya chakula, kabla hajachoka. Kuahirisha neno lake hadi mwisho ni kumnyima nguvu za kulisema.

Hasikii vizuri, na siku hizi anasahau. Bado inafaa?

Inafaa, kwa kipimo chake. Spika zisielekezwe kwake, muziki usichezwe watu wanapozungumza, na kila anayemsalimu amkaribie kwa mbele, ataje jina lake na la mzazi wake: "Shikamoo nyanya, mimi ni Wanjiru, binti ya Kamau." Asiulizwe "unanikumbuka?" mbele ya watu, swali hilo humfedhehesha. Wageni wamwendee wawili wawili badala ya kumzunguka. Pawe na chumba tulivu chenye kitanda karibu, na familia ikubali tangu mwanzo kwamba anaweza kuondoka baada ya saa moja na sherehe ikaendelea bila yeye. Nyimbo za ujana wake na tenzi za kanisani mara nyingi hubaki kumbukani wakati majina yametoweka, kwa hiyo kwaya ndogo ya watu sita isiyotumia vipaza sauti inaweza kumfikia kuliko hotuba yoyote.

Wajukuu wetu hawajui lugha ya mama. Watashirikije?

Wapewe kazi badala ya kuketishwa mbali na simu zao. Mmoja arekodi mahojiano na mzee majuma mawili kabla, kwa vipindi vya nusu saa, akiwa na mkalimani wa familia pembeni na ruhusa ya mzee mwenyewe. Mwingine apange picha za zamani na kuandika nyuma yake majina kwa penseli wakati mzee bado anaweza kuyataja. Kila mjukuu ajifunze sentensi moja ya kumtakia heri kwa lugha yake na aiseme, hata kwa matamshi ya kusuasua.

Katika jamii ambazo watoto hupewa majina ya babu na nyanya zao, wale wote wanaoitwa kwa jina la mzee wasimame pamoja naye. Wakikuyu humpa kifungua mimba wa kiume jina la baba wa baba yake, kwa hiyo babu mmoja anaweza kujikuta amesimama katikati ya vijana watano wanaoitikia jina lake. Picha hiyo ipigwe kabla ya picha ya jumla, kisha ipigwe ya watoto, ya wajukuu, ya vitukuu, na ya vilembwe kama Mungu amewajalia.

Jamaa walio ng'ambo washirikishwe vipi?

Kwa kuzingatia saa. Sherehe inapoanza Nairobi saa tano asubuhi, New York ni saa tisa au saa kumi usiku, kutegemea majira, ilhali London iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu na Doha iko sawa nasi. Walio Marekani wapigiwe saa kumi jioni, mzee akiwa amepumzika ndani, kwenye skrini kubwa na sauti iliyojaribiwa mapema. Au watume video fupi siku mbili kabla. Kumsimamisha mzee mbele ya simu inayokatika katika uwanja wenye kelele hakumfurahishi yeyote.

Zawadi gani inamfaa?

Vitu vitakavyotumika: viatu visivyoteleza, blanketi zito, kanga au shuka nzuri, simu yenye vitufe vikubwa, vishikio vya ukutani bafuni, au tangi la maji ikiwa anaishi mahali ambapo mifereji hukauka. Watoto wakiungana kununua kitu kimoja kizuri, huepusha mablanketi kumi na moja. Pesa taslimu akabidhiwe faraghani.

Ndugu wawili hawasemezani. Tufanye nini?

Waalikwe wote, kila mmoja apewe jukumu lisilomkutanisha na mwenzake, na mtu mzima wanayemheshimu azungumze nao kando. Siku hii isigeuzwe kikao cha upatanisho wala cha ardhi. Suala la shamba likichomoza, mshereheshaji alizime papo hapo.

Akiugua siku chache kabla?

Punguzeni sherehe au iahirisheni, na mambo hayo yaandikwe tangu mwanzo katika makubaliano na mpishi na mwenye hema: malipo ya awali ni kiasi gani, na yanaweza kuhamishiwa tarehe nyingine kwa taarifa ya siku ngapi. Wageni wa mbali waambiwe mapema kwa simu, si kwa ujumbe wa kikundi. Daktari akiruhusu, watu wachache wampelekee maombi, uji na salamu zilizoandikwa.

Baada ya sherehe kuna la kufanya?

Mweka hazina atoe hesabu ndani ya juma moja. Picha zichapishwe na kuwekwa kwenye albamu, kwa sababu mzee hafungui kikundi cha WhatsApp, na herufi za majina chini ya kila picha ziwe kubwa. Rekodi za mahojiano zihifadhiwe na watu wawili wanaoishi nyumba tofauti, na walioshindwa kufika wapange siku zao za kumtembelea kabla mwezi haujaisha.